Mama Aliyemrudisha Binti Hospitali

Juma lililopita nilipata habari kwamba mama mmoja wa Kabambare, mkulima wa mpunga, amefariki akiwa mzee sana. Wasomaji wangu hawamjui. Mimi nilimfahamu enzi za Wabelgiji, nilipofundisha katika shule ya misheni pale, na binti yake alikuwa mwanafunzi wangu. Binti huyo alizaliwa na kasoro ya moyo: mshipa uliopaswa kujifunga baada ya kuzaliwa ulibaki wazi. Akiwa bado ananyonya alipelekwa hospitali kubwa ya Elisabethville, madaktari wakaufunga mshipa kwa uzi, akarudi na kunenepa. Watu walisema amepona, wakamsahau.

Mama yake hakusahau. Kila baada ya mavuno alipanda lori la pamba hadi hospitali ya Kasongo ili moyo wa mtoto usikilizwe, ingawa wakwe zake walisema anatafuta ugonjwa. Mwaka mmoja binti akaanza kuhema akipanda kilima cha shule, nami nikafuatana nao ili nitafsiri Kifaransa. Daktari alimsikiliza mtoto kwa muda mrefu, kisha akaanza kunieleza mimi kwa sauti ya chini. Mama akanishika mkono.

“Mwalimu, munitafsirie yote. Miye ndiye mama yake.”

Nikamtafsiria: uzi umelegea, damu inapita tena pasipotakiwa. Kumpasua mara ya pili ni hatari zaidi, kwa sababu kovu la kwanza limeshikamana na nyama za ndani.

“Na wasipomupasua?”

“Moyo utachoka polepole.”

Tuliporudi, shemeji mkubwa wa mama alikataa katakata. “Mutoto alishapasuliwa. Mutamukata mara ngapi?”

“Mupaka moyo wake utulie,” mama akajibu, wala hakupandisha sauti. Mumewe akaenda kuwatafutia nafasi kwenye lori la kwenda Samba, wakapande treni ya Elisabethville. Binti alimuuliza mama yake mbele yangu kama atakufa. “Sijue, mwanangu,” alisema. “Lakini nitakuwa pale mulangoni.”

Walikaa huko muda mrefu, tukaogopa. Kisha nikawaona wakishuka kwenye lori, binti akitembea mwenyewe, sauti yake ikikwaruza kwa sababu neva ya koo iliguswa alipopasuliwa. Sauti yake ya zamani haikurudi kamwe, lakini alipanda kilima bila kusimama, akaolewa, akazaa, na ndiye aliyemwosha mama yake kabla ya mazishi.

Siku hizi tunajua kushangilia mgonjwa anapotoka hospitali. Tunapiga vigelele, tunapika, tunarudi mashambani. Mama huyu hakujua kusoma wala hakuwa na cheo, lakini alielewa kwamba mtoto aliyetibiwa moyo anahitaji mtu wa kumwangalia miaka yote inayofuata, hata anapocheza na kucheka kama wenzake. Najivunia kwamba nilimtafsiria. Wenye watoto wa namna hiyo, warudisheni wakasikilizwe, hata jirani akiwacheka.