Jiwe Linalopaka Vidole

Baba aliokota jiwe lile chini ya tuta la juu la shamba letu, Tlawi, miaka ile ya soko huria, wanunuzi wa kila aina walipomiminika na kila mwenye jembe akajiona ana mgodi. Lilikuwa la kijivu, linang'aa. Ukilisugua linateleza kama limepakwa mafuta, na linakuachia weusi vidoleni. Baba akaamua ni madini ya fedha. Alilificha ndani ya gunia la pumba, na tangu siku hiyo jirani yetu wa chini hakukaribishwa tena chai.

Nilikuwa nimerudi likizo kutoka sekondari, binti anayejua kila kitu. Nikachora mstari kwenye daftari kwa jiwe lile.

"Baba, hii ni kinywe. Ndiyo inatiwa kwenye penseli. Fedha ingekuwa nzito, na ukucha usingeikwaruza."

"Nani amekutuma?"

Mnunuzi wa maharage kutoka Mbulu mjini, ambaye Baba alimwonyesha kipande ili ajue bei, naye alisema hayo hayo.

"Shikamoo, mzee. Hii ni ya penseli na betri, na wengine wanalainishia mashine. Lakini wanaoitaka wanataka malori, siyo debe. Wewe lima maharage yako tu."

Baba aliitikia marahaba, akatabasamu. Mnunuzi alipoondoka, Baba akatuambia kwamba mtu anayekukataza kuchimba ana lake jambo. Na kwa kuwa maneno yangu yalifanana na ya mnunuzi, basi mimi naye tulikuwa tumepanga njama. Iliniuma sana.

Kwetu shamba ni mteremko, na bila matuta hakuna shamba. Tuta lile alilijenga babu. Majani yake hayakatwi hata ng'ombe wakikonda, maana ndiyo yanashika udongo, na mtoto akilikanyaga anachapwa. Baba alilibomoa kwa sururu, yeye mwenyewe. Mama alilia. Mimi nilikasirika nikagoma kumpelekea uji shambani, na mpaka leo sijutii.

Masika yakaja. Asubuhi moja tulikuta maharage yetu na udongo wote mweusi umelala kwenye shamba la jirani. Kwetu palibaki mwamba mtupu, wa kijivu, unang'aa.

Jirani alipanda hadi kwetu na wanawe, majembe begani, tujenge tuta upya. Baba akawazuia mpakani. Hakuna wa kukanyaga hapa, alisema, akaanza kuufunika mwamba kwa matawi.

Msimu ule Mama alikwenda kulima kibarua kwa jirani, kwenye udongo wetu wenyewe.