Mtu Aliyemvusha Bosi Mara Kumi na Moja

"Dada Jerusha, huyu mtu nimemvusha daraja mara kumi na moja, na mpaka leo sijui kama alikufa. Hiyo ni haki?"

Olinga alisimama mbele ya meza yangu ya tikiti, koti zito mwilini saa nane ya jua, jasho linamtiririka kama aliyenyeshewa. Nikamwambia asogee, wenye kulipa wapite.

"Sisogei. Nakudai mwisho wa hii sinema."

Huyo Olinga ni mtu wa Moding, mwenye baiskeli nyeusi na kazi isiyo na jina. Siku za kawaida alivusha akina mama na magunia yao. Jumamosi alivusha sinema. Mwaka huo wa 1966 mzee Zephaniah alikodi ghala la pamba hapa Malaba, akaziba madirisha kwa magunia, akawa anaonyesha filamu mchana. Ng'ambo ya mto, upande wa Uganda, shemeji yake naye alikuwa na ukumbi. Filamu ilikuwa moja, wenyewe wawili. Basi mkebe mmoja wa mkanda wa filamu ukiisha kwetu, Olinga anaufunga kwenye keria, anakanyaga mpaka ng'ambo, anarudi kuchukua mwingine. Filamu nzima mikebe mitano.

Kwa hiyo kila mkebe aliuona nusu. Wa tano hakuuona kabisa. Ulikuwa mfupi, na ukianza yeye yuko darajani na wa nne. Akirudi anakuta watu wanatoka wakijikung'uta vumbi la pamba. Akiufikisha huo wa tano ng'ambo anageuzwa papo hapo na mikebe iliyokwisha, maana onyesho letu la pili linangoja.

Filamu yenyewe ilikuwa ya jambazi mmoja wa mjini, tukamwita Bosi. Kofia pembeni, gari jeusi, bunduki chini ya koti. Anaingia benki kama mtu anayeingia jikoni kwake. Nani angemkataa? Sisi watu wa mpakani maisha yetu ni kufungua mizigo: fungua gunia, fungua kikapu, hii ni nini, ulinunua wapi. Bosi hakumfungulia mtu hata mfuko wa shati. Askari akipigwa kofi pale kwenye shuka nyeupe, ghala zima linashangilia, pamoja na mke wa mchungaji, ambaye aliniambia amekuja kuangalia vijana wa kanisa wasipotoke. Alikuja mara nne.

Olinga ndiye aliyeugua zaidi. Alichukua koti la marehemu mjomba wake, akapata kofia, akaanza kuongea kwa pembe ya mdomo hata akiuliza bei ya sukari. Aliponiuliza mara ya kwanza Bosi aliishia wapi, nilimjibu, "Alivuka mpaka." Akafurahi wiki tatu nzima. Halafu Aluka, mbeba magunia pale kwenye kinu, akamwambia Bosi alikufa kama kuku.

"Stelingi hafi," Olinga aliniambia sasa, mikono miwili juu ya meza. "Hata mtoto anajua. Stelingi hafi, adui ndiye anakufa."

"Huyu alikuwa vyote viwili."

"Haiwezekani. Halafu Jumatatu filamu inakwenda Kisumu. Baada ya leo nitamuuliza nani?"

Nilitaka kumcheka. Lakini alikuwa ameikunja ile kofia mpaka ikawa kama chapati.

Mkebe wa nne ulipoisha, nikaupokea mimi na kumpa. "Ingia, kaa nyuma."

"Na huu?"

"Ukalie."

Akaukalia. Ng'ambo, shemeji alipoona mkebe hauji na watu wanapiga miluzi, akaonyesha wa tatu tena. Bosi akaiba benki ile ile mara ya pili, na watu wakashangilia kupita mwanzo. Wakasema amerudia chenji.

Kwetu Bosi alipigwa risasi kwenye ngazi. Kofia ikabingirika mpaka chini. Olinga akavua yake, akaiweka gotini kama mtu aliye matangani.

Watu walipotoka alibaki palepale. Zephaniah akaja mbio kutoka kwenye mashine, akiuliza mkebe wa nne unafanya nini chini ya makalio ya mtu.

"Pancha, mzee," nikasema. "Nimeiona mwenyewe."

Akaenda akinung'unika. Olinga akanitazama. "Uliniambia alivuka mpaka."

"Ulikuwa umevaa koti lake. Ningekuambiaje?"

Akafikiri. Akavua koti, akalikunja, akalitandika kwenye keria, akaweka mikebe miwili juu yake na kuifunga kwa mpira wa tyubu.

"Basi, dada," akasema, kwa mdomo wote. "Sikudai tena."

Akavaa kofia iliyokunjamana, akaelekea darajani. Hakuharakisha hata kidogo.