Mwalimu wa Mpakani

Kila mvua ikianza, mwalimu mstaafu wa Kiingereza pale Nkubu hufunga tai na kwenda kushughulikia mpaka wa shamba lake. Jirani yake Kaari, aliyewahi kufundishwa naye, humwona aking'oa miche ya mpakani kwa vidole vya upole na kuipanda hatua moja ndani ya kahawa ya Kaari. Safari hii Kaari akamwendea.

"Mwalimu, ule msemo wa Waingereza, 'inchi kwa inchi', maana yake nini?"

Akajinyoosha, akakohoa. "Ni jambo kubadilika polepole, mpaka mwenyewe asitambue."

"Na mfano, Mwalimu?"

Hakuwahi kumnyima mwanafunzi mfano. "Mtu akisogeza mpaka..." akaanza, kisha akautazama mche ulioning'inia mkononi mwake. Kaari akauchukua, akarudi nao hatua saba, moja kwa kila mvua, akaupanda.

Mwalimu akaitikia kwa kichwa.

"Vizuri sana," akasema. "Keti."