Keshia Aliyeanza Kupiga Gumzo

Duka moja la vipuri mjini Thika lilikuwa limenunua seva mpya, na mimi na bosi wangu tukaihamishia hifadhidata yao kwenye mashine pepe, yaani kompyuta inayoishi ndani ya kompyuta nyingine. Skrini yangu haikuonyesha tatizo lolote. Nilitaka kufika nyumbani Kimbo kabla jam ya magari haijashika.

Bosi alibeba chai yake akaenda kuketi kwenye benchi la wateja, kama mtu aliyekuja kununua breki. Nilikasirika.

"Madam, vipimo vyote viko sawa."

"Keti hapa umsikilize keshia," akasema.

Keshia alikuwa mke wa mwenye duka, mama wa Kihindi ambaye siku zote huhudumia watu kimyakimya. Siku hiyo alikuwa akimwuliza fundi mmoja habari za watoto, na mwingine kama mvua imenyesha Mugutha. Kila swali lilikuja baada ya kubonyeza kitufe na kungoja kompyuta ijibu.

"Huyu hapigi gumzo," bosi akaninong'oneza. "Anawafichia wateja uzembe wetu."

Tulirudi kwenye seva tukakuta mashine pepe nyingine, ile ya kutengeneza nakala za akiba, ikigombania diski ileile na hifadhidata. Tukaipa diski yake.

Tuliporudi benchini nilimsalimia keshia. Hakuinua hata macho. Risiti zilikuwa zinatoka mfululizo.

Bosi akamaliza chai yake. "Imepona," akasema. "Twende."