Turubai la Jumuiya na Picha ya Mvuke

Saa tano na dakika kumi na saba asubuhi, Jumatano moja katikati ya Oktoba, dada yangu alinipigia simu kuuliza kama aliachie turubai. Saa hiyo nimeitoa kwenye simu yenyewe. Kichwa changu kingesema saa nne.

Turubai lilikuwa la jumuiya ya kanisa lao, kijijini, upande wa kwenda Kaliua, ambako njia ya zamani ya misafara siku hizi hupitwa na ng'ombe na baiskeli za mkaa. Jumuiya ina turubai moja kubwa, masufuria mawili na viti arobaini, na vitu hivyo huzunguka nyumba hadi nyumba kwa zamu. Zamu ile ilikuwa ya dada. Alikuwa amefunika matofali mabichi elfu sita na mia mbili, yakingoja kuni za kuyachoma zilizokuwa zifike Ijumaa. Nyumba yake ya udongo ilianguka msimu wa mvua uliopita. Ni mjane, na tangu hapo analala jikoni na wajukuu wawili.

Sasa jirani yake alikuwa amefiwa na mke, na waombolezaji walikuwa wamekaa juani.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Hebu angalia huko kwenye mitambo yako. Wanataka turubai. Nilitoe?"

"Mpaka lini?"

"Wanazika kesho. Litarudi kesho jioni."

Mimi natengeneza redio na simu, mtaa wa Isevya, Tabora mjini. Mambo ya hewa nimejisomea mwenyewe kwa miaka kumi na moja, kwa vifurushi vya intaneti na madaftari. Kila siku saa tatu asubuhi nasoma kipimamvua changu cha uani, kisha naandika pembeni yake makadirio ya setilaiti kwa eneo letu. Nimekosa siku za malaria tu. Mara tatu nilimwambia dada siku ya kuanika mpunga, na mara zote tatu nikapatia. Ndiyo maana aliniuliza mimi.

Nilifungua picha ya mvuke wa maji. Kwenye picha hiyo hewa yenye unyevu huonekana nyeupe, na hewa kavu huonekana nyeusi. Kuanzia Tabora mpaka Ziwa Tanganyika kulikuwa kweusi.

"Anga imekauka," nikasema. "Litoe."

"Mimi nakuuliza mvua, wewe unanijibu anga."

"Hakuna mvua, dada. Litoe."

"Haya, baba. Wewe ndiye unayeyajua."

Picha ile hupima joto linalotoka kwenye mvuke wa juu, kilomita nne, tano na kuendelea. Mvuke ulio karibu na ardhi hauonekani. Siku ile unyevu ulikuwa umeingia chini chini kutoka magharibi, upande wa Kongo, ukatanda chini ya ile hewa kavu niliyokuwa naiangalia. Hewa kavu ikikaa juu ya hewa yenye unyevu haizuii mvua. Jua likiwaka vya kutosha, wingu linaweza kupanda kwa nguvu zaidi. Hayo si mambo niliyojifunza baadaye. Yamo kwenye daftari langu la tatu, kwa mkono wangu, na nimeyapigia mstari wa wino mwekundu. Asubuhi ile shati lilikuwa limenigandia mgongoni tangu saa mbili, na sikujiuliza kwa nini.

Saa tisa na dakika arobaini alasiri wingu dogo lilitokea kwenye picha ya kawaida. Saa kumi na dakika kumi lilikuwa juu ya kijiji. Nilipiga simu mara saba. Dada alikuwa msibani, simu ameiacha jikoni. Niliendelea kufungua picha, moja kila robo saa, kama mtu anayetazama mpira ambao matokeo yake ameshaambiwa.

Alhamisi asubuhi nilikwenda kwa pikipiki. Uani kwa dada kulikuwa na sufuria lililosahauliwa nje, lenye kingo zilizonyooka. Nilichovya rula: milimita thelathini na nne. Makadirio ya setilaiti kwa eneo hilo yalisema nne. Niliandika namba zote mbili.

Fundi aliyefyatua matofali alikuwa ameshafika.

"Shikamoo, mzee wa setilaiti. Huko juu hawakukuambia?"

"Marahaba. Hawakuniambia."

"Si nasikia lina mabawa hilo dude? Lingeyatandaza basi, litufunikie."

"Hebu mwache," dada akasema.

"Namtania tu, mama."

Tulihesabu sisi wawili, mimi na fundi. Tofali la juu ukilibonyeza, kidole kilizama. Mengine yalikuwa yamelika pembe kama sabuni iliyotumika. Katikati ya safu, ambako maji hayakufika, tuliokoa mia tisa. Dada alinipa uji nikanywa wote. Ulikuwa na sukari nyingi. Nakumbuka sukari hiyo kuliko nilivyojisikia, maana sidhani kama nilijisikia vyovyote.

Fundi alisema udongo bado upo, lakini kufyatua upya na kukausha ni wiki tatu, na mvua zenyewe ndizo hizo zimeanza. Fedha ya kumlipa tena haikuwepo. Dada angekaa jikoni msimu mwingine.

"Nitalipa mimi," nikasema.

"Kwa redio zipi? Na wanao watasoma kwa fedha ipi?"

Akanipa simu yake nimwandikie mwanawe aliyeko Dar, ambaye ndiye aliyetuma fedha za matofali.

"Habari za setilaiti usiandike," akasema. "Andika mvua."

"Lakini mimi ndiye niliyekwambia."

"Nimekwambia andika mvua. Na uandike hasara, maana atauliza."

Kufyatua tofali moja alikuwa amelipa shilingi hamsini, na maji ya kukandia udongo yalimgharimu kumi kwa kila tofali. Nilipiga hesabu mara mbili, kisha nikaandika kwamba mvua ya jana imeharibu matofali elfu tano na mia tatu, hasara shilingi laki tatu na elfu kumi na nane.