Mpiga Chapa Aliyeacha Kufuta Makosa

Saa mbili asubuhi, ukungu wa Mlima Meru bado umelalia mabati ya mji, na Prisca Nnko anapuliza vidole vyake kabla ya kuvigusisha kwenye mashine ya chapa. Yuko barazani, karibu na mahakama. Mbele yake mzee mwenye koti la mvua anaeleza ugomvi wa mpaka wa shamba.

"Andika kwa ukali kidogo, mama."

"Ukali utautoa wewe mbele ya hakimu, baba. Mimi naandika ulichosema."

Vidole vinakimbia. Kengele ya mashine inalia, mkono wa kushoto unasukuma, mstari unashuka. Mzee huyu ni mteja wa kwanza, na huenda akawa wa mwisho. Miaka mitatu iliyopita Prisca alipiga kurasa ishirini kwa siku. Juma lililopita, siku nzuri ilikuwa na kurasa nne, kila mmoja shilingi mia tatu. Ng'ambo ya barabara wamefungua duka la kompyuta, na barua hutoka huko zingali na joto.

Prisca, mwenye miaka arobaini na mitatu, ni mzaliwa wa Akheri. Sasa anaishi Elerai na binti yake, Nice, aliye kidato cha pili. Kwa miaka kumi na saba alikuwa mpiga chapa wa shirika la umma. Mwaka 1997 shirika likauzwa, na wapiga chapa wote wanane wakapunguzwa.

"Barua za kutupunguza nilizipiga mwenyewe," anasema, macho yakiwa kwenye karatasi. "Waliniletea majina manane. Langu lilikuwa la sita. Nikapiga, nikaendelea na la saba."

Aliondoka na mashine hii.

Mlango uliobaki uko Kijenge. Agnela, mfanyabiashara kutoka Kilimanjaro, anahitaji mtu wa kompyuta katika duka lake la vifaa vya ofisi. Nafasi ni moja, naye ameishikilia hadi mwisho wa mwezi.

"Mikono yako naijua, dada Prisca," alimwambia. "Lakini bila cheti siwezi kukukabidhi kompyuta."

Tangu Aprili, Prisca anasoma hukohuko Kijenge, jioni tatu kwa juma. Wanafunzi ni kumi na wanane, kompyuta sita. Kila Ijumaa hupewa karatasi ya kujipima. Maswali yako mbele, majibu nyuma. Unajibu, unageuza, unajisahihisha. Mwalimu hakusanyi.

Daftari la Prisca lilipendeza kuliko yote. Kila Ijumaa, ishirini kwa ishirini. Ila mtihani wa cheti ulipokuja mwezi Juni alipata tisa, na anayefaulu hupata kumi na nne.

Mwalimu wake, Brayson, kijana wa miaka ishirini na minne anayemwamkia shikamoo kila anapoingia, aliomba kuliona daftari. Akalipekua ukurasa kwa ukurasa.

"Mama Nice, makosa yako umeyapeleka wapi?"

"Nimeyafuta, mwalimu."

"Yote?"

"Kwa wembe. Halafu nikaandika lililo sawa."

Nyuma, Lesikar, mlinzi wa benki anayesoma darasa hilo, akacheka. "Mama, ungeingia na wembe kwenye mtihani!"

Darasa likaangua kicheko. Brayson hakucheka. "Sasa mimi nitajuaje unapokwama? Na wewe utajuaje?"

Prisca anasema hakuwa na nia ya kudanganya. Kule shirikani, mkuu wao, Mama Magdalena, aliinua kila barua dirishani kwenye mwanga. Akiona mkwaruzo, alichana, ukaanza upya. Mpiga chapa mzuri ni yule ambaye makosa yake hayaonekani.

"Miaka kumi na saba nimefundishwa kuficha," anasema. "Nikaja kuambiwa nionyeshe. Niliona aibu kama niliyevuliwa nguo."

Akarudia karatasi zote kwa kalamu ya wino, bila wembe. Makosa thelathini na moja. Alipoyahesabu, kumi na tisa yalikuwa kosa lilelile: alijibu kwamba unabonyeza kitufe cha kushusha mstari kila mstari unapokaribia ukingo, wakati kwenye kompyuta mstari hushuka wenyewe. Ukiongeza neno moja katikati, ukurasa mzima unavunjikavunjika.

"Kengele hailii kule," anasema, "lakini mkono wangu bado unaisikia."

Ijumaa iliyopita alijipima tena. Kumi na tatu. Pungufu moja. Mtihani wa marudio ni Jumanne, na Agnela ameshaongea na msichana mwingine.

Mzee analipa, anakunja barua yake, anaondoka. Hatokei mwingine. Prisca anafungua daftari, kidole kikitembea juu ya makosa saba ya mwisho. Hakuna hata moja lililofutwa. Midomo yake inacheza kimyakimya.

Manyunyu yanaanza, kisha mvua inaingia barazani kwa upepo. Prisca ana mfuko mmoja tu wa nailoni, ule ambao kwa miaka minne umefunika mashine. Anautazama. Anatia daftari ndani, anafunga fundo, analiweka kifuani chini ya kanga.

"Mashine italowa, mama!" muuza kahawa aliye jirani anamwambia.

"Itakauka," Prisca anajibu. "Humu nimeandika kwa wino, na Jumanne nayahitaji makosa yote saba."