Leso ya Kemuma Ilivyomfunika Maiti wa Manila

"Usinichezee, Mama Lynnet! Leso yangu iko wapi?"

"Nimekuambia iko Manila, Nyar Kisii. Imefunika maiti."

Kemuma, binti wa Kisii, alikuwa amejikita kitini jikoni kwa Filister, pale Rangwe, ameapa haondoki bila leso ya njano aliyoinunua sokoni Suna. Alimwazima jirani yake aonekane mtu alipokwenda kwa bintiye Lynnet, anayefanya kazi Ufilipino. Juzi mama na binti walirudi; leso haionekani.

"Maiti gani?"

"Wa kwenye picha ya kuchorwa, kule makumbusho."

Uongo wa Filister ulijulikana mpaka Homa Bay mjini. Aliwahi kuapa amekamua kiboko. Lakini kwa miaka thelathini yeye ndiye aliyeosha na kuvisha maiti wa kijiji, na habari za maiti hakuzifanyia mzaha. Alitema mate jivuni.

"Picha ni kubwa kama ukuta wa kanisa. Lynnet ananiambia ni ya zamani, Wafilipino wanaionea fahari. Nikadhani nitaona mfalme. Kumbe ni wanaume waliouana uwanjani ili watu wafurahi, sasa wanaburutwa sakafuni kama ng'ombe aliyekufa kwa ugonjwa. Wamevuliwa nguo! Mwanamke ameketi chini, ametupa mgongo, na hakuna hata wa kumshika bega."

"Si ni rangi tu?"

"Rangi! Na wale waliojipiga picha hapo mbele, meno nje, maiti nyuma yao, nao ni rangi? Ptu! Mimi sijawahi kumwacha mtu wazi. Nikafungua leso, nikaruka kamba ya kuzuia watu, nikamtupia yule wa mbele."

"Ukaruka? Na hilo goti?"

"Kama swara. Askari kumi wakanirukia."

"Kumi!"

"Wawili. Leso wakabaki nayo. Hata wangenirudishia, nguo iliyofunika maiti ningekupaje uivae kanisani? Wewe, rafiki yangu?"

Kemuma akashusha pumzi. Kweli, kwa habari za maiti mama huyu hadanganyi. Akanyoosha mkono amshike Filister goti lile bovu.

"Basi, mama, yaish..."

Mlango ukasukumwa. Lynnet akaingia na beseni la nguo, leso ya njano ameikaza kiunoni.

"Mama, ile leso askari walikurudishia, mbona uliificha chini ya godo... Ah! Kumbe tuna mgeni?"

Filister akainama kupuliza moto uliokuwa ukiwaka vizuri.